Tarehe ya mwisho wa dunia hatuijui, tarehe za mauaji tunazijua

Bandugu na badada, vijana wenzetu wa Kasugho, Butembo, Beni, Oicha na Lubero, na nyinyi wote muliokimbilia mbali,

Munajua namna habari inavyotufikia. Kijiji kinashambuliwa usiku. Asubuhi, ujumbe wa kwanza kwenye WhatsApp ni hesabu ya wafu. Wa pili ni picha ambazo hakuna anayetaka kuziangalia mara mbili. Wa tatu unafika hata kabla maiti hazijazikwa: ni sauti ya mtumishi wa Mungu fulani. "Bandugu, musishangae. Bile biliandikwa njo binatimia. Ni siku za mwisho. Tuombe tu." Sauti hiyo inatoka simu hadi simu, kutoka kwa tantine hadi kwa dereva wa moto, na kufikia saa sita za mchana hakuna tena anayeuliza patroli ilikuwa wapi usiku ule.

Leo tunaandika juu ya ule ujumbe wa tatu.

Hatuandiki kama wageni. Wengi wetu tumekulia katika makanisa ya uamsho. Tumekesha, tumefunga, tumelipa zaka, tumeimba kwenye kwaya mpaka sauti ikapotea. Kuna wenzetu ambao bado wanasali hapo, na kuna wengine waliotoka. Hatucheki imani ya wazazi wetu. Kanisa njo lilitujengea shule. Kanisa njo linafungua mlango wakimbizi wakifika na magodoro kichwani, siku ambazo Leta haionekani. Tunachosema ni kitu kimoja: mauaji yakiitwa unabii, muuaji anapotea. Na muuaji akipotea, atarudi.

Ile ramani imetoka wapi?

Sisi wote tuliokulia humo tunaijua ramani ya siku za mwisho. Kwanza vita na njaa. Halafu kanisa linanyakuliwa. Halafu miaka saba ya dhiki, mpinga Kristo, alama 666, Israeli, Gogu na Magogu, mpaka vita vya mwisho. Ilichorwa ubaoni kwenye seminari, ikatiwa kwenye kaseti, leo iko kwenye video za simu. Tulifundishwa kama vile mitume wenyewe waliichora.

Lakini ina umri na ina watu walioichora. Mwalimu mmoja wa Uingereza na Ireland, John Nelson Darby, njo aliipanga katika miaka ya 1830. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield alitoa Biblia yenye maelezo pembeni yanayofuata mpango huo, na watu wakaanza kusoma maelezo kama vile ni neno lenyewe. Mwaka 1970 Hal Lindsey aliandika kitabu kilichochukua magazeti ya wakati wake, vita baridi na Urusi na mashariki ya kati, akayaweka juu ya ramani hiyo. Kiliuzwa mamilioni. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya hofu za Ulaya na Marekani ikafika mpaka huku kwetu, ambako Lubero haimo, Walikale haimo, dhahabu yetu haimo. Sisi ndani yake ni "matetesi ya vita" tu, mstari mmoja wa kupita.

Na tarehe? Wafuasi wa William Miller kule Marekani walingoja Yesu tarehe 22/10/1844. Hakuja. Waadventista, waliotokea katika kundi hilo na ambao ni wengi huku kwetu, walijifunza kutoka siku ile kutoweka tena tarehe, na tunawaheshimu kwa hilo. Watu wa Watch Tower walitangaza 1914, na miaka ya baadaye wengi wao walingojea 1975. Kila mara mtu aliyeweka tarehe aliendelea na maisha yake. Mtu aliyeuza ng'ombe kwa sababu ya tarehe hakurudishiwa ng'ombe.

Kila jambo lina sahihi

Sasa turudi nyumbani, juu hapa njo kuna shida yetu.

Mwezi wa 10, 2014, mauaji makubwa yalianza kuzunguka mji wa Beni. Tarehe 13/8/2016, Rwangoma, watu zaidi ya 40 waliuawa jioni moja. Tarehe 15/1/2023, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste Kasindi siku ya ubatizo. Usiku wa kuamkia tarehe 27/7/2025, waumini zaidi ya 40 waliuawa Komanda, upande wa Ituri, wakiwa katika mkesha parokiani. Mwezi wa 9 mwaka huohuo, Ntoyo, katika teritwari yetu ya Lubero, wauaji waliwakuta watu kwenye matanga, wakaua zaidi ya 60. Watu wale walikuwa wanalia mfu wao, wao wenyewe wakawa wafu.

Kila tarehe hapo inafaa kuulizwa maswali ambayo hayahitaji nabii. Nani aliua? Walipita njia gani? Tahadhari ilitolewa lini, kwa nani, naye alifanya nini? Silaha na chakula vyao vinatoka wapi? Nani alipewa kazi ya kulinda pale, na ripoti yake inasema nini?

Mashambulizi ya Kasindi, Komanda na mengine mengi yalidaiwa na watu wanaojiita Dola la Kiislamu, ambao kundi la ADF lilijiunga nao. Hilo linajulikana. Lakini mwezi wa 2, 2018 Umoja wa Mataifa uliweka pia kwenye orodha ya vikwazo jenerali wa jeshi letu, Muhindo Akili Mundos, aliyeongoza operesheni Sukola 1 huku Beni miaka ya 2014 na 2015. Shutuma si hukumu, na njo maana tunataka korti. Tunachotaka muone ni hiki: kuna watu, kuna majina, kuna maswali yanayoweza kujibiwa. Unabii haupandi kizimbani. Mtu anapanda.

Ebola ni mfano mwingine. Ilitangazwa Mangina tarehe 1/8/2018, ikaisha tarehe 25/6/2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Katikati ya ugonjwa ule tulisikia mahubiri ya kila aina: ni tauni ya Ufunuo, ni adhabu, ni biashara ya wazungu, chanjo ina alama. Mwezi wa 2, 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kamerun kuja kututibu, aliuawa kwa risasi katikati ya Butembo. Hatusemi ni mahubiri yaliyofyatua risasi. Hasira ilikuwa na sababu zake: watu waliona magari mapya na pesa nyingi kwa Ebola, wakati miaka minne ya kuchinjwa haikuleta hata ambulansi. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini iliambiwa kwamba adui ni sindano, na wenye kuiba pesa za ugonjwa wakalala vizuri.

Halafu uchaguzi. Tarehe 26/12/2018, siku nne kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo huku kwetu, na Yumbi kule magharibi, hatutapiga kura pamoja na nchi. Sababu waliyotoa: Ebola na usalama. Kura yetu ya wabunge ikasogezwa mpaka mwezi wa 3, 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu mwezi wa 1. Kuna waliosema, "Ni mpango wa Mungu." Ndugu, ulikuwa uamuzi wa ofisi. Ulikuwa na karatasi, tarehe na sahihi. Vijana wa Beni walilielewa hilo vizuri kuliko manabii: tarehe 30/12 walipanga foleni, wakanawa mikono kama sheria ya Ebola ilivyotaka, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano. Hiyo kura haikuhesabiwa Kinshasa. Lakini ilisema wazi kwamba kilichochukuliwa kilikuwa na mwenyewe.

Pale ambapo njia hii imefika

Mtu anaweza kusema, "Acha watu waamini, haiumizi." Tuangalie majirani na tuangalie nyuma yetu.

Kabla babu zetu hawajasahau: mwaka 1944, upande wa Masisi, Lubutu na Walikale, si mbali na misitu yetu ya Kasugho, kulikuwa na uasi wa Kitawala. Jina lenyewe linatokana na Watch Tower. Kiongozi alikuwa Bushiri Lungundu, na watu waliamini kwamba utawala wa mzungu umefika mwisho na ufalme mpya unaingia. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoshwa na kazi za nguvu na kodi za wakati wa vita vya dunia. Unabii uliwaamsha. Lakini uliwafanya pia waamini kwamba ushindi umekwisha kuandikwa, na Wabelgiji waliwazima kwa bunduki. Machozi ya kweli yalipewa tumaini lisilokuwa na mpango.

Kanungu, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka. Kundi la Joseph Kibweteere na Credonia Mwerinde lilifundisha kwamba dunia itaisha mwisho wa 1999. Watu waliuza mali. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17/3/2000 kanisa lao liliteketea na watu mamia ndani yake, halafu yakapatikana makaburi mengine. Jumla ilipita 700.

Tarehe 30/12/2013, hapa kwetu Kongo, wafuasi wa Joseph Mukungubila, aliyejiita nabii na aliyekuwa mgombea urais mwaka 2006, walishambulia televisheni ya taifa, uwanja wa ndege wa Kinshasa na kambi ya jeshi. Kwa hesabu ya serikali, zaidi ya watu 100 walikufa siku ile. Nabii mwenyewe alionekana baadaye Afrika Kusini, mzima.

Na Shakahola, Kenya, kuanzia mwezi wa 4, 2023: zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Upande wa mashtaka unasema mhubiri Paul Mackenzie aliwaambia watu wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Yeye anakana. Lakini angalia alianza na nini miaka ya mbele. Alihubiri kwamba shule ni ya shetani. Alihubiri kwamba Huduma Namba, kitambulisho kipya cha serikali ya Kenya, ni alama ya mnyama. Kabla mtu hajaambiwa aache kula, aliambiwa kwanza aache shule na aache kuwa raia. Mlolongo huo tuukumbuke. Kwetu pia tunasikia wanaosema karte ya uchaguzi ni ya mnyama, kwamba kijana wa Mungu hana kazi na siasa. Chanjo ya korona ilipofika mwezi wa 3, 2021, nchi yetu ilipokea dozi kama milioni 1.7, na zaidi ya milioni 1.3 zikarudishwa ili zitumike kwingine kabla hazijaharibika. Uoga ulikuwa na sababu nyingi, lakini sote tulisikia 666 ikitajwa.

Juu ya nini wakubwa wanapenda mahubiri haya?

Juu hayawaulizi kitu. Angalia jumapili ya kampeni. Mgombea anaingia kanisani na jeep, anakaa mstari wa mbele, anatoa bahasha, mabati au vyombo vya muziki. Pasta anamwekea mikono: "Mungu amemchagua." Wiki ya pili yake, kijiji kinachinjwa, na pasta yuleyule anahubiri: "Ni siku za mwisho." Kwa hiyo madaraka ya mkubwa yametoka kwa Mungu, na kifo cha mdogo kimetoka kwa unabii. Katikati hapo, kazi ya mtu aliyechaguliwa kulinda watu imeenda wapi?

Na tusijifanye hatuoni: anayesema dunia inaisha mwaka huu ananunua parseli na kujenga etaji. Mafundi wake wanajenga msingi wa miaka hamsini. Ukitaka kujua mtu anaamini nini, angalia saruji yake.

Hii si ya kwetu peke yetu. Marekani, wahubiri wengi walimfananisha Donald Trump na mfalme Koreshi wa Biblia, na wakashangilia ubalozi wao ulipohamishwa Yerusalemu mwezi wa 5, 2018, juu kwao hiyo ilikuwa hatua moja kwenye ramani. Watu wa Gaza na Israeli wanaokufa kwelikweli wanageuka alama za saa ya mwisho. Sisi wa Beni na Lubero tunapaswa kuwa wa kwanza kukataa jambo hilo, juu tunajua ni nini kugeuzwa alama.

Tena kuna hali ya kuzingirwa. Tangu tarehe 6/5/2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi. Ilitangazwa ya siku 30. Imeongezwa na kuongezwa mpaka hatuhesabu tena. Mwezi wa 6, 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, mwezi wa 1, 2025 Goma. Kijana akiamini haya yote yalipangwa mbinguni, ataenda kumuuliza nani hesabu? Depute anayepitisha nyongeza bila swali anahitaji jambo moja tu kutoka kwetu: kwamba tutazame juu.

Tusome mpaka mwisho wa kitabu

Kwa kuwa tumekulia humo, turuhusiwe kusema neno juu ya kitabu chenyewe.

Mathayo 24 njo inahubiriwa kila tukipigwa: vita, njaa, tetemeko. Lakini sura hiyohiyo inasema tukisikia vita tusitishwe, mwisho bado, na kwamba hakuna anayejua siku wala saa. Halafu inafuata sura ya 25, ambayo haipati nafasi kwenye zile sauti za WhatsApp. Pale mfalme haulizi kama ulijua tarehe. Anauliza kama ulimlisha mwenye njaa, ulimpokea mgeni, ulimwangalia mgonjwa na mfungwa. Mkimbizi wa Bapere aliyelala chini ya veranda Butembo ni swali la mtihani huo.

Wakristo wa Thesalonike nao, wakati wa Paulo, walikuwa na wenzao walioacha kazi. Paulo hakuwasifu. Alisema asiyetaka kufanya kazi asile.

Na Ufunuo wenyewe? Uliandikwa kwa watu walioteswa chini ya dola la Roma. Sura ya 6 inaonyesha watu waliouawa wakilia, na hawasemi "ilipangwa." Wanauliza ni lini damu yao itapewa haki. Sura ya 18 inaorodhesha biashara ya mji mkubwa: dhahabu, mbao, pembe, shaba, ng'ombe, na mwisho kabisa wa orodha, baada ya mifugo, watu. Sisi wa huku hatuhitaji mfasiri kutoka ng'ambo kuelewa orodha hiyo. Tunaona malori yakibeba mbao. Tunajua dhahabu inapita mipaka usiku. Tunajua kakao ya mashamba ambayo wenyewe wameuawa ilivunwa, ikauzwa. Kitabu kile ni mashtaka dhidi ya wenye nguvu. Juu ya nini kwetu kimefanywa dawa ya usingizi?

Kuna waliokisoma vizuri, na ni wa huku. Mgr Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997, aliona chuo kikuu cha Graben kikizaliwa Butembo mwaka 1989, na waliomjua wanakumbuka namna alivyosukuma watu wajenge barabara na shule bila kungoja Kinshasa. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu, alilaani wazi uporaji na uvamizi katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999. Wenye silaha wa RCD walimfukuza, wakamrudisha Butembo kwa nguvu miezi saba. Alikufa Roma tarehe 4/10/2000. Aliamini uzima wa milele, na bado alitaja uovu kwa jina.

Padri Vincent Machozi aliandika majina ya wafu wetu, kijiji kwa kijiji, kwenye tovuti yake ya Beni-Lubero, wakati wengine waliandika namba tu. Waliomwua walimfuata Vitungwe, usiku wa tarehe 20/3/2016. Hakuwaambia watu kwamba kifo chao kiliandikwa. Yeye njo aliyekiandika, ili mtu asiseme hakikutokea.

Na kwa wale wanaosema hiyo ni ya Wakatoliki: daktari Denis Mukwege ni mtoto wa pasta wa Kipentekoste, naye mwenyewe ni pasta. Amefungua hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapewa Nobel ya amani mwaka 2018, na kila anakoenda anadai jambo moja: ripoti ya Mapping itolewe sandukuni. Ripoti hiyo ya Umoja wa Mataifa ilitoka tarehe 1/10/2010 na inaeleza matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini mwetu kati ya 1993 na 2003. Orodha ya majina ya wanaoshukiwa ipo, imefungwa kwa siri. Manabii wanapenda kuhubiri juu ya kitabu kilichofungwa kwa mihuri saba. Bandugu, kuna kitabu kingine kilichofungwa, na hicho sisi wenyewe tunaweza kudai kifunguliwe.

Mama anayesema "nitawaona tena"

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu. Mama mmoja, na ni wengi kama yeye, amepoteza watoto wake porini. Anasema, "Bwana akirudi nitawaona." Mukimwondolea hilo, mutampa nini?

Hatumwondolei. Hakuna ripoti wala korti inayoweza kumpa anachokitamani. Tumaini lake ni lake, na anayemcheka ni mtu mbaya. Lakini tusichanganye mambo mawili. Tumaini la mama ni kwa ajili ya watoto aliokwisha kuzika. Sauti ya mtumishi kwenye simu ni kwa ajili ya watoto ambao bado wanaishi, na inasema kwamba kifo chao kinakuja na hakuna la kufanya. La kwanza linamwezesha mama kuamka asubuhi. La pili linamwezesha mkubwa kulala.

Tena mama huyohuyo, mukimkalia vizuri na kumsikiliza, anawaambia mengine. Anajua siku. Anajua saa. Anajua ni kijana gani alikimbia kutoa habari kwenye pozisheni ya jeshi na alijibiwa nini. Hajawahi kuulizwa. Alipewa mstari wa Biblia kabla ya kupewa nafasi ya kutoa ushahidi.

Tunaomba nini

Kwa mapasta na manabii wetu: hubirini mwisho wa dunia mukitaka, ni haki yenu. Lakini kabla hamjasema "imetimia," tajeni kwanza majina ya waliokufa, tarehe na kijiji, na ulizeni hadharani nani alikuwa na kazi ya kuwalinda. Kataeni bahasha ya mgombea mbele ya madhabahu. Musiseme neno juu ya dawa, chanjo ama karte mpaka mumemuuliza muuguzi ama mtu anayejua. Na tarehe ya mwisho, musiiweke.

Kwa viongozi wa civil na wa kijeshi: kila shambulio litolewe ripoti inayosomeka, yenye saa ya tahadhari na saa ya jeshi kufika. Hali ya kuzingirwa ipewe hesabu yake mbele ya wananchi, au iondolewe.

Kwa sisi vijana: tuwe na daftari. Hapa Kasugho tuko kando ya hifadhi ya Tayna, na tuna chuo kikuu kinachofundisha kulinda viumbe na msitu. Vijana wa huku wanafundishwa kuhesabu magorila, kuandika nyayo, siku na mahali. Ni kazi nzuri. Tuwatendee watu wetu hivyohivyo. Nani amepotea, siku gani, njia ipi, nani alionywa. Tuandike nakala mbili, moja ibaki mbali na kijiji. Tusitume picha za maiti, na tusitaje kwenye simu jina la shahidi, juu atauawa. Ule ujumbe wa tatu ukifika, tusiuzime kwa matusi. Tujibu kwa upole na swali moja: "Mtumishi, na patroli ilikuwa wapi?"

Tukeshe, ndiyo. Kijiji kinachokesha kinasikia mbwa wakibweka. Lakini anayekesha lazima awe na macho wazi, filimbi shingoni, na namba ya kupigia.

Mwisho wa dunia una mwenyewe, na sisi tumemwachia. Mwisho wa mauaji haya ni kazi ya watu: wanaoyafanya, wanaoyaacha yafanyike, na sisi tunaokataa kuyazoea.

Sisi vijana wananchi,
Kasugho, Butembo, Beni